Herufi za Gazeti, Mavazi ya Diwani

Diwani nyingi za ushairi wa Kiswahili, tangu kompyuta zilipoingia maofisini, zimevishwa vazi moja: Times New Roman. Hakuna aliyelichagua. Lilikutwa ndani ya mashine, na uvivu ukapewa jina la desturi.

Herufi hizo zina asili yake na zina kazi yake. Mwaka 1929 Stanley Morison, mjuzi wa chapa wa London, alilikosoa gazeti la The Times kwa uchapaji wake mbovu. Wenyewe, badala ya kununa, wakamtaka ushauri. Morison alitoa fikira, lakini mkono uliochora ulikuwa wa Victor Lardent, msanii wa idara ya matangazo ya gazeti hilo, ambaye hutajwa kwa nadra. Tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti likatoka na sura mpya. Herufi zilibanwa mbavu ili maneno mengi yaenee katika safu nyembamba. Herufi ndogo ziliinuliwa kimo ili zisomeke hata zikichapwa kwa udogo. Kwa kazi ile, huo ulikuwa ustadi usio na shaka.

Lakini shairi si safu ya habari. Msomaji wa gazeti hupita. Msomaji wa shairi hutua. Mshororo wa mizani 16 una pumziko baada ya mizani 8, pale ukwapi unapomaliza kwa kina cha kati na kuupisha utao. Waliozinakili tungo kwa hati za Kiarabu walilijua hilo, wakavitenga vipande kwa alama. Mchapaji wa leo hubandika herufi finyu, mishororo ikasongamana, kina cha kati kikapotea kama lulu katika pishi ya mchele.

Watetezi wanayo hoja moja ya haki: ufinyu huo huuwezesha mshororo mrefu kuenea katika ukurasa mdogo bila kukatwa. Ni kweli, na mshororo uliokatwa ni aibu kubwa kuliko herufi isiyopendeza. Basi anayezichagua kwa sababu hiyo, akazidisha nafasi baina ya mishororo, hana lawama. Lawama ni ya asiyechagua.

The Times lenyewe liliziacha mwaka 1972, baada ya miaka 40, mitambo na karatasi zilipobadilika. Microsoft ikazitia katika Windows 3.1 mwaka 1992. Mwaka 2007 programu yake ya Word ikaweka Calibri mahali pake. Mwenye vazi amelivua zamani, na washairi wa pwani wangali wamelivaa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mshairi anayekesha akitafuta kina kimoja asione tabu kuuliza, kabla muswada haujaenda kiwandani: herufi zipi, ukubwa gani, nafasi kiasi gani? Asipouliza yeye, mashine itamwamulia.