Mtumbwi wa Mwenzio

Mtu akikamatwa na mtumbwi usio wake katika Nyumba ya Mungu, bwawa lile chini ya milima ya Upare ambalo maji yake siku hizi yanafika kwa mabomba hadi Same, neno lake la kwanza ni kwamba ameazima tu. Sisi twasema kuazima huwa kwa watu wawili. Aliyeondoka na chombo mwenyewe amelala hakuazima kitu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haikuacha mwanya hapo. Anayechukua kwa nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja ni mwizi, na wizi waweza kumfunga miaka 7. Asiye na nia hiyo, lakini akatumia chombo cha majini cha mwenziwe pasipo haki, naye ana kosa, hata akikirudisha. Wala deni si ruhusa. Mwenye kudai aende mahakamani, asiende mwaloni usiku.

Na mvuvi je? Nyavu zake zi majini, samaki wanaoza, naye hana mshahara mwingine.

Mtumbwi uliokatika kamba ukachukuliwa na upepo ni jambo jingine. Uvute, uufunge mwaloni, ukamwarifu mwenyewe au mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo.