Wauza Dhana na Bei ya Mashine Isiyokuwepo

Tumesitasita kwa muda kuiandika makala hii, kwa kuwa wapo watakaosema kuwa jambo lenyewe ni la watoto na halistahiki wino. Lakini jambo la watoto likishaingia katika mfuko wa baba si la watoto tena. Nalo limeingia.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, tuliwakuta vijana wetu barazani wakibishana hata sauti zao zikasikika njiani. Tulidhani wamehitilafiana katika somo. Kumbe walikuwa wakibishana juu ya bei ya PlayStation 6: mmoja anashika dola 600, mwingine anaapa kuwa haitapungua 1,000, na wa tatu anazitaja kwa majina gemu zitakazotoka nayo siku ya kwanza, kama mtu aliyeziona dukani. Tukawauliza: nani aliyekuambieni? Wakajibu: "Wamesema." Ni akina nani hao waliosema? Wakatazamana. Sisi tuliokaa miaka tukisomeshwa kuuliza kila habari imepokewa na nani, na huyo aliyeipokea ana hali gani ya ukweli na hifadhi, tuliona ajabu kwamba vijana tunaowafundisha elimu hiyo hiyo wanaiweka kando mara tu wanapovuka kizingiti cha darasa.

Basi na tuangalie kilichothibiti. Mnamo Oktoba 2025, Mark Cerny wa Sony, msanifu mkuu wa PlayStation 5, alitokea hadharani pamoja na afisa wa kampuni ya AMD inayotengeneza vichakato vya mashine hizo. Walieleza teknolojia wanazozikusudia kwa siku za mbele. Cerny mwenyewe akasema kuwa teknolojia hizo bado zipo katika majaribio ya kuigiza ndani ya kompyuta tu, na kwamba anatarajia kuzitia katika mashine ya baadaye, baada ya miaka michache. Hakutaja bei wala orodha ya gemu. Hata hivyo haukupita muda ila wakatokea wanaojiita wajuzi, wakakipangia bei kitu ambacho mtengenezaji wake anakiri kuwa baadhi ya viungo vyake havijawa chuma. Je, huu ni ujuzi, au ni ramli iliyovaa shati la kiofisi?

Watu hawa wana hoja zao, na si insafu kuwajibu bila ya kuzitaja.

Wanasema kwanza: "Mbona mara nyingi tumepata?" Jawabu letu ni kwamba tofauti baina ya habari na dhana ni kubwa. Ni kweli kuwa Nintendo ilipoitangaza Switch 2 tarehe 16 Januari 2025, walikuwapo walioitaja tarehe hiyo kabla. Hao walikuwa na mtu wa ndani aliyewanong'oneza. Habari ya namna hiyo ni habari, ingawa imetoka kwa mlango wa nyuma. Ama bei, mambo yalikuwaje? Wengi walikisia dola 400. Tarehe 2 Aprili 2025 Nintendo ilifanya maonyesho marefu ya mashine ile bila kutamka bei hata mara moja, kisha bei ikawekwa kwenye tovuti: dola 449.99, na dola 499.99 kwa anayetaka pamoja na Mario Kart World. Na gemu hiyo ikinunuliwa peke yake, dola 79.99. Siku iliyofuata kampuni ilipokuwa ikirusha maonyesho mengine moja kwa moja, watazamaji kwa maelfu waliandika kwa herufi kubwa wakitaka bei ishushwe. Haikushushwa hata senti.

Na kuna lililo zito zaidi. Siku ile ile ya tarehe 2 Aprili, Rais Trump wa Marekani alitangaza ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi nyingi, asilimia 46 kwa Vietnam na 24 kwa Japani. Nintendo ilikuwa imehamishia Vietnam sehemu ya utengenezaji wake. Siku mbili baadaye ikaahirisha uwekaji wa oda huko Marekani, uliokuwa uanze tarehe 9, hadi ukaja kuanza tarehe 24, bei ya mashine ikabaki na bei za baadhi ya vifaa vyake zikapanda. Tunauliza: katika wale waliokesha miezi wakichora majedwali ya bei, ni nani aliyeliweka jambo hili katika hesabu yake? Bei ya mashine haikai katika akili ya mchambuzi. Inakaa katika gharama ya kumbukumbu na vichakato, katika thamani ya yeni, katika bandari na katika meza ya mwanasiasa. Kampuni yenyewe huiandika, ikaifuta, ikaiandika tena. Mwaka 2006 Sony ilikwisha kutangaza bei ya PlayStation 3 ndogo huko Japani kuwa yeni 62,790, kisha mwezi Septemba, wiki chache tu kabla ya kuuzwa, ikaishusha hadi 49,980. Ikiwa mwenye mali hakuijua bei ya mali yake mpaka wiki za mwisho, wewe uliye mbali umeijulia wapi miaka kabla?

Ama habari ya orodha ya gemu za siku ya kwanza, hapo ndipo ghururi ilipo wazi zaidi, na hapa tunaomba wazazi wasome kwa utulivu. Mwezi Mei 2005, Sony ilionyesha Los Angeles picha za gemu ya vita iitwayo Killzone, na ukumbi ukashangilia ukidhani kwamba ndivyo PlayStation 3 itakavyochezwa. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ni filamu iliyotengenezwa kuonyesha matarajio. Mashine ilitoka Novemba 2006, na gemu yenyewe ikaja Februari 2009. Microsoft nayo iliitangaza Halo Infinite kuwa ndiyo gemu kuu itakayotoka pamoja na Xbox Series X. Mwezi Agosti 2020, miezi mitatu kabla ya mauzo, ikaiahirisha. Mashine ikauzwa tarehe 10 Novemba 2020 bila ya hiyo gemu, nayo ikatoka tarehe 8 Desemba 2021. Nintendo 64 iliingia Marekani mwaka 1996 ikiwa na gemu mbili tu. Nintendo 3DS iliingia mwaka 2011 bila Mario mpya, akachelewa hadi Novemba. Na Switch 2 yenyewe, ilipoanza kuuzwa tarehe 5 Juni 2025, sehemu kubwa ya gemu zilizopangwa rafuni zilikuwa ni za zamani zilizopakwa rangi mpya: Cyberpunk 2077 ni ya mwaka 2020, na zile mbili za Zelda ni za 2017 na 2023. Donkey Kong ilisubiri hadi Julai, na Metroid hadi Desemba. (Hata ile gemu ya kumwonyesha mnunuzi mashine yake inavyofanya kazi iliuzwa dola 9.99. Sisi tulizoea kwamba karatasi ya maelezo huja ndani ya boksi.)

Huu si uadui kwa kampuni fulani. Wote wamefanya, na baadhi ya gemu hizo zilipokuja zilikuwa njema kwa ushahidi wa waliozicheza. Tunachokisema ni kwamba orodha ya siku ya kwanza hata ikitamkwa na mwenyewe ni ahadi. Ikitamkwa na asiyekuwa mwenyewe, ni nini basi?

Wanasema pili: "Haya ni mazungumzo ya burudani tu, hayamdhuru mtu." Shubha hii ndiyo inayowapata wengi, kwa kuwa ina sura ya upole. Tunajibu: ingekuwa burudani tupu, kampuni zisingeinyamazia kwa furaha namna hii. Mtu akisikia kwa miezi kumi kwamba kitu kitauzwa dola 600, kikitoka kwa 500 hushukuru kama aliyepewa sadaka, akasahau kuuliza kama kinastahiki hata hizo 500. Mfanyabiashara hakulipa chochote kwa tangazo hilo. Umemtangazia wewe, kwa muda wako na kwa bando lako.

Mwaka 1995 ulitoa funzo jingine. Sega ilisimama mbele ya watu mwezi Mei ikatangaza kuwa Saturn imekwisha kufika katika baadhi ya maduka kwa dola 399, miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyokuwa ikijulikana. Siku hiyo hiyo mtu wa Sony alipanda jukwaani, akatamka namba moja tu, 299, akashuka. Kwa neno hilo moja hesabu za wengi zilivunjika. PlayStation ile iliuza zaidi ya milioni 100, na Saturn haikufika milioni 10. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba bei kwao ni silaha ya vita, na silaha haionyeshwi kabla ya siku yake. Anayekuahidi kuwa ameiona, ama amepewa aionyeshe, ama hakuiona.

Na madhara yapo. Mwaka 2005 Ken Kutaragi, aliyekuwa akiongoza kitengo cha PlayStation, alisema kwa maana kwamba wanataka mtu aone ni bora aongeze saa za kazi ili aweze kuinunua mashine yao mpya. Mwaka uliofuata ikatoka kwa dola 499 na 599, na kwa kuwa ilikuwa chache na shauku ilikuwa imechochewa zaidi ya mwaka mzima, watu walilala nje ya maduka Marekani. Katika mji wa Putnam, jimbo la Connecticut, mtu aliyekuwa kwenye foleni alipigwa risasi na majambazi waliozitaka fedha alizobeba. Tulipowaeleza vijana wetu habari hii walinyamaza kidogo. Kisha mmoja akauliza: alikuwa amebeba kiasi gani?

Mwaka 2020 hapakuwa na foleni za barabarani kwa sababu ya maradhi, zikawa foleni za mtandaoni, na walanguzi wakatumia programu zinazonunua kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi, kisha wakaiuza PlayStation 5 ya dola 499.99 kwa mara mbili yake. Mlanguzi anaishi kwa shauku iliyopandwa na mwingine. Wanafiqhi wamezungumza kwa urefu juu ya kuficha bidhaa ili bei ipande, na juu ya kulipia kitu ambacho sifa zake hazijulikani, na hatukusudii kuyarejea hapa. Lakini haki isemwe pia pale inapostahiki: Nintendo, ilipouza Switch 2 huko Japani kwa bahati nasibu ya duka lake, ilimtaka mwombaji awe amecheza Switch ya zamani angalau saa 50 na awe mwanachama wa huduma yake kwa mwaka mmoja. Waombaji walikuwa kiasi cha milioni 2.2. Sharti hilo liliwabana walanguzi, nasi tunaliona ni jambo jema.

Wanasema tatu: "Mnunuzi ana haki ya kujipanga mapema." Hapa tunakubaliana nao. Kujiwekea akiba hakuna anayekukataza, lakini akiba haihitaji tetesi. Walioikimbilia 3DS tarehe 27 Machi 2011 kwa dola 249.99 waliiona tarehe 12 Agosti ikiwa 169.99, dola 80 zimepeperuka kabla ya miezi mitano kutimia. Nintendo iliwapoza kwa gemu 20 za zamani, na rais wake, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Kwa miaka mingi basi kauli ya wenye busara ilikuwa: subiri, itashuka. Tulikuwa tukiisema na sisi. Lakini insafu inatulazimisha kukiri kuwa kauli hiyo nayo imepinduliwa, kwani PlayStation 5 iliyoanza Marekani kwa 499.99 mwaka 2020 ilipandishwa hadi 549.99 mwezi Agosti 2025, na Xbox Series X iliyoanza kwa 499.99 ikafika 649.99 mwezi Oktoba wa mwaka huo. Mashine imezeeka na bei imepanda. Basi hata sisi tunaowalaumu wakisiaji tulikuwa wakisiaji wa upande wa pili.

Na huku kwetu mabishano haya yana kichekesho chake. Bei ya siku ya kwanza ya Marekani si bei ya mtu yeyote wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Mashine huja kwa njia ya Dubai au katika sanduku la jamaa arudiye likizo, na kila mkono ulioipitisha huongeza chake juu ya usafiri na ushuru. Watoto wetu wengi wanaijua PlayStation kwa kulipia mechi kwenye vibanda vya gemu, na PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilihudumu katika vibanda hivyo miaka mingi baada ya wenyewe kuihama. Kijana anayebishania dola 600 au 1,000 hana hata moja kati ya hizo, na atakayeombwa ni mzazi.

Mmoja wa vijana wale wa barazani alitufuata baadaye peke yake. Alikwisha kumwomba mjomba wake aliyeko Muscat amwekee fedha, na alikwisha kumtajia kiasi. Tukamuuliza kiasi hicho amekipata wapi. Akasema: "Ustadh, nilichukua ile ya katikati."