Maji Jikoni, Lawama Sebuleni

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuache kidogo habari za nyumba ndogo na simu zenye namba za siri. Twende jikoni.

Kwetu Ubungo Kibangu, ugomvi mkubwa wa mwaka uliletwa na mashine ya kuoshea vyombo. Mume wangu aliinunua ya mtumba baada ya dada wa kazi kurudi kwao na sisi wawili kuanza kutegeana. Mimi nafika saa mbili usiku, yeye saa tatu kwa foleni, sinki limejaa masufuria ya jana. Siku ilipoingia ndani nilimpenda upya, sitanii.

Wiki ya kwanza nikaharibu. Sabuni yake maalum iliisha, nikajisemea sabuni ni sabuni, nikamimina ile ya maji ya kuoshea kwa mkono. Dakika kumi baadaye povu linatoka mlangoni kama bia iliyotikiswa! Kumbe sabuni ya mashine hutengenezwa isitoe povu. Tulizima, tukanyunyizia chumvi povu likapungua, tukachota. Tukacheka.

Mwezi uliofuata tukaamka alfajiri, maji yamefika kwenye zulia la sebuleni. Mume wangu hakuuliza.

"Umeweka tena ile sabuni yako?"

Na aliyasema hayo mbele ya mama yake, aliyekuja kwetu kwa matibabu. Nikasema sijaweka. Akanitazama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Siku tatu tukalala mzungu wa nne.

Jamani, maji yenyewe yalikuwa yanajieleza. Yangekuwa na povu, sawa, ni mimi. Yangekuwa machafu yenye punje za wali, ungesema chujio la chini limeziba au mpira wa kutolea maji umekunjika. Lakini haya yalikuwa safi, na mashine tuliizima ukutani tangu saa nne usiku. Maji safi yakiingia kwenye mashine iliyozimwa, maana yake valvu ya kuingizia maji haifungi. Hata lile boya la ndani, ambalo kwenye mashine nyingi huamuru pampu itoe maji yakizidi, haliwezi kusaidia bila umeme.

Mama mkwe ndiye aliyesema aitwe fundi. Fundi hakukanyaga maji kabla ya kuzima swichi kubwa ya nyumba. Akafunga koki, akafungua mpira wa kuingizia, akatukung'utia mchanga kiganjani. Kisha akatoka nje kutazama tenki. Letu liko kwenye mnara wa mita tatu, na mita kumi za kimo hutoa presha ya baa moja tu, kwa hiyo sisi tulikuwa na kama 0.3. Valvu za namna hii husaidiwa na presha ya maji kujifunga. Presha ikiwa ndogo, na mchanga ukakaa katikati, inavuja polepole usiku kucha.

Mchanga umetoka wapi? Tunaotegemea maji ya Ruvu tunayajua ya mgao, kama ule wa mwishoni mwa 2022: yakirudi, huja na tope, tope linatulia chini ya tenki. Na kusafisha tenki, mpenzi msomaji, ilikuwa kazi ya nani? Ya baba mwenye nyumba, tangu Januari.

Sikusema kitu. Aliyesema ni mama yake: "Ulimsema mbele yangu, basi muombe radhi mbele yangu."

Akaomba, macho chini, suruali imekunjwa hadi magotini, deki mkononi.

Tumebadilisha valvu na kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha. Koki tunaifunga kila usiku kabla ya kulala, na chujio tunasafisha kwa zamu kila Jumamosi. Juzi ilikuwa zamu yake. Akanikuta chumbani, ameshika kijiko changu cha chai nilichokitafuta wiki mbili, hakusema neno, ananicheka tu.