Mzee Akikataa Chakula, Tusikimbilie Kusema ni Uzee

Mzee akisukuma sahani mara mbili tatu, aghalabu mwenye nyumba husema, "Uzee huo," na maneno yakaishia hapo. Mimi neno hilo silikubali. Uzee hupunguza chakula, naam, lakini haukikati. Mtu aliyekula vizuri mwaka jana na leo akashindwa na tonge tano, ana jambo lililomfika, na ni juu ya waliomzunguka kulitafuta kama wanavyotafuta sababu ya homa ya mtoto mchanga.

Nayaandika haya nikiwa Eldoret, mji ambao sisi watu wa pwani tumeufuata kwa kazi, biashara na ndoa, kisha tukawapandisha wazazi wetu ili tuwatazame. Ni jambo jema na lina thawabu. Lakini fikiri, ewe msomaji, mama aliyeishi Mombasa miaka sabini, akaletwa safari ya karibu kilomita 800 hadi mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kisha akawekewa ugali na sukuma wiki mchana na usiku. Watu husema baridi ndiyo iliyomkata hamu. Baridi peke yake haimkatazi mtu kula. Wenyeji wa hapa wamezaliwa nayo na wanakula vizuri sana.

Mambo mengine hayajulikani mpaka mtu aingie jikoni. Huku juu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi, si 100 kama kule Mombasa. Kwa hiyo mbaazi na maharagwe hutaka kukaa motoni muda mrefu zaidi, na mpishi mwenye haraka hupakua wali wenye kiini. Kijana hautambui ugumu huo. Mzee mwenye meno sita, au mwenye meno ya bandia yaliyolegea kwa kuwa ufizi umenywea, huutambua mara moja, naye hatasema. Shangazi yangu mmoja alikaa hapa wiki tatu akirudisha sahani. Mwanawe akasema ni umri, mkaza mwana akaogopa kijicho, jirani akaleta maji ya kombe. Siku alipotazamwa kinywani kwa tochi palionekana kidonda chini ya meno ya bandia, na utando mweupe juu ya ulimi. Akatibiwa, na mbaazi zikapikwa hata zikavurugika, akala. Sisemi kombe haina baraka. Nasema kinywa kitazamwe kwanza.

Hata pasipokuwa na maradhi, mwili wa mzee una desturi zake. Tumbo huchelewa kusukuma chakula, hivyo aliyekunywa chai ya maziwa na mahamri saa nne hana nafasi saa saba. Pua hupoteza nguvu, na harufu ni sehemu kubwa ya ladha. Juu ya hayo daktari amekataza chumvi kwa sababu ya presha, nasi tukakataza na kila kitu kingine, tukampikia chakula kisicho na jina. Ndimu ina chumvi gani? Tangawizi, kitunguu thomu, bizari nzima, ukwaju, vyote hivyo vimekatazwa na nani? Achari ndiyo yenye chumvi, hiyo ipunguzwe. Na apewe kidogo kidogo mara tano kwa siku, asirundikiwe mlima wa wali unaomtisha kabla hajanawa mikono.

Dawa nazo zina hesabu yake. Vidonge vya sukari viitwavyo metformini huweza kukata hamu na kuchafua tumbo. Flagyl, ambayo watu hununua kama peremende, huacha ladha ya chuma kinywani. Nyingine hukausha mate au hufunga choo, na aliyefunga choo siku nne hata biriani hatalitaka. Mtu asiache dawa kwa shauri la mwandishi wa gazeti. Azitie zote katika mfuko mmoja, ampelekee daktari na kuuliza ipi bado yahitajika.

Pwani tumezoea sinia, na anayekula na wenzake hula zaidi kuliko anayekula peke yake. Huku bara mwana yuko kazini, wajukuu shuleni, na mzee huachiwa sahani iliyofunikwa. Ila sinia nalo huficha: mzee hufinyanga tonge lile lile mpaka wenzake washibe, kisha akasema alhamdulillahi. Utamjua kwa pete inayocheza kidoleni, au bora zaidi kwa mizani. Mwenye kilo 60 akipoteza 3 kwa miezi sita bila ya kukusudia, na apelekwe hospitali. Kifua kikuu, saratani na maradhi ya kusahau huweza kuanza hivyo hivyo, kwa sahani iliyorudi jikoni.

Na kuna moyo. Mwanamke aliyetoka eda, aliyempakulia mume miaka arobaini, sasa ampakulie nani? Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, akiwaagizia wagonjwa na waliofiwa talbina, uji mwepesi wa shayiri, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Shayiri hiyo hulimwa hapa hapa Uasin Gishu, ingawa, kwa masikitiko, nyingi huishia kwa wapika bia. Uji wake wa maziwa humwingia mtu ambaye nyama haimpiti kooni. Huzuni ikikaa miezi, hiyo nayo ina daktari wake.

Najua yupo atakayenijibu kwa hadithi iliyo kwa Tirmidhi, ya kutowalazimisha wagonjwa kula. Ni kweli, na mzee hashindiliwi tonge. Upo hata wakati ambao ajali imekaribia na mwili wenyewe umekataa. Hapo kulisha kwa nguvu ni kumtesa, na pamba ya kulowesha midomo yatosha. Lakini wakati huo na waujue daktari na jamaa wote, usiamuliwe na mtu mmoja aliyesimama mlangoni.

Limebaki la Ramadhani. Suratul Baqara, aya ya 184, imetaja fidia ya kumlisha maskini, na masheikh wameeleza kuwa mzee asiyeweza funga anaingia humo. Ruhusa hiyo twaijua sote, ila nyumbani hatuitamki, na mzee huona haya kuiomba. Nimewaona, huku na pwani, wanaokula mchana nyuma ya mlango wa jiko, vitonge viwili kwa haraka na maji nusu kikombe, kisha wakapangusa midomo wasije wakaonekana na wajukuu.