Mnatukataza Roma, Lugalo Mmeiandika?

Kuna maneno nimeyachoka. Mtu akikukuta kituoni Kibaha Maili Moja na riwaya ya Simon Scarrow mkononi, hakuulizi kitabu kinasemaje. Anauliza: "Sasa dada, wewe mtoto wa Kisarawe, na majeshi ya Kaizari, wapi na wapi?" Mwalimu mmoja wa fasihi ameshalipa jambo hili jina kabisa: kasumba. Eti anayesoma vita vya Warumi amekimbia vya kwao.

Haya, tuanze na hicho cha kwetu. Utendi wa Tambuka, mmoja wa tendi kongwe kabisa za Kiswahili tulizonazo kwa maandishi, ulitungwa na Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728. Unahusu nini? Vita na Herakli, mfalme wa Rumi, na ndiyo maana unaitwa pia Chuo cha Herkali. Herakli alikuwa amekufa zaidi ya miaka elfu moja. Tena kihistoria pale Tabuki hapakupiganwa. Mapigano yale ni ya mtunzi. Kama hiyo si hadithi ya kubuni ya kihistoria kuhusu jeshi la Rumi, basi sijui ni nini. Naye Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu, hapo jirani tu na Kisarawe, tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare kuchapishwa ilikuwa ya Julius Caesar, mwaka 1963. Mwambieni na yeye ana kasumba.

Lakini mimi sisomi Warumi kwa sababu mababu waliruhusu. Ninawasoma kwa sababu ya neno moja: akida. Fungua Biblia ya Kiswahili, Kornelio yule afisa wa Kirumi ni akida. Sasa nenda Kisarawe useme akida mbele ya wazee. Kwao akida ni mtu wa Mjerumani, msimamizi wa kodi na mashamba ya pamba ya lazima, yale yaliyochangia kuwasha Maji Maji mwaka 1905. Jumbe Kibasila wa Uzaramo alinyongwa na Wajerumani kwa vita hivyo. Leo wengi wanalijua jina lake kama shule ya sekondari Temeke, basi. Kwa hiyo Scarrow anaponipa Macro, akida asiyejua kusoma anayefundishwa kwa siri na kijana aliye chini yake, mimi nacheka na nywele zinasimama papo hapo. Msomaji wa London hana hofu hiyo. Ninayo mimi.

Chukua pia mwaka 9 baada ya Kristo. Legioni tatu za Varus zilinaswa msituni Ujerumani na watu wa Arminius, zikateketea. Riwaya zake ni nyingi mno. Wajerumani wakamjengea Arminius sanamu kubwa karibu na Detmold, ikakamilika 1875. Miaka kumi na sita baadaye, Agosti 17, 1891, safu ndefu ya Zelewski, aliyeitwa Nyundo, ikapita Lugalo na kuvamiwa na Wahehe wa Mkwawa. Nyundo akafia hapo. Taifa lililomwabudu mviziaji lilikuwa sasa limevaa viatu vya Varus! Mwandishi gani anapewa zawadi kama hiyo akaiacha?

Sisi tumeiacha. Tuna Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969, tamthilia kubwa. Mulokozi aliwaandikia vijana Ngome ya Mianzi. Nawaheshimu wote wawili. Ila rafu iko wapi? Waingereza hawana riwaya moja ya Warumi, wana maduka. Na humo ndani nusu ya kitabu ni miguu ya askari: malengelenge, mkate mgumu, mshahara uliochelewa, handaki linalochimbwa kila jioni hata kama mvua inanyesha. Sisi vita vyetu tumevijaza mashujaa na hotuba. Shujaa hana njaa, hajaribu viatu vya maiti, haogopi usiku.

Wanaosema tuache Roma ndio hao hao wanaosahihisha insha, wanaokaa kwenye kamati za tuzo na kuchagua vitabu vya shule. Wangekuwa na uchungu na Lugalo tungeshaiona madukani. Kumkemea abiria kituoni ni kazi nyepesi zaidi.

Katika safu ya Zelewski wengi hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari Wasudani, watu kutoka Msumbiji, na wapagazi. Nataka huyo mpagazi. Alibeba nini kichwani asubuhi ile, alikuwa anamdai nani, aliutupa mzigo au alikufa nao? Andikeni. Na mpaka kitabu hicho kifike Kibaha, niacheni na legioni zangu, daladala yenyewe inachelewa.