VIJANA WETU WAIONE TRANSFOMA IKIZALIWA

Kila mkazi wa Tanga aijua transfoma. Ni lile sanduku la chuma lililo juu ya nguzo. Likifa, mtaa mzima wa Ngamiani hulala gizani, na mvuvi wa Moa au Kigombe hukosa barafu, akauza samaki wake kwa hasara. Likipona twashangilia, kisha twasahau. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kujiuliza: sanduku hili hutengenezwa na nani?

Hutengenezwa pia humu humu nchini. Kiwanda cha TANELEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, hutengeneza transfoma, na wanafunzi wa uhandisi hupelekwa huko kujionea. Twawapongeza walimu wafanyao hivyo. Mwanafunzi huona mabamba membamba ya chuma yakipangwa moja juu ya jingine mpaka yakawa kiini. Huona waya ukizungushwa duru kwa duru, kwa hesabu isiyokosewa, na karatasi ikitenganisha tabaka na tabaka. Kisha vyote huingizwa katika tangi la mafuta ya kupoza, na mwisho hupimwa kwa umeme mkali kabla ya kutoka mlangoni. Hiyo ndiyo siri ya kuushusha umeme wa volti 33,000 au 11,000 ukawa volti 400 za mashine na 230 za taa ya nyumbani. Ubaoni jambo hili huwatoa vijana jasho. Kiwandani hulielewa kwa nusu saa.

Hata hivyo twasema wazi: ziara ya siku moja haitoshi. Kijana hufika asubuhi, huzungushwa, hupigwa picha, hunywa soda, na alasiri yumo ndani ya basi. Ameona, lakini hakushika. Ufundi hauingii kwa macho tu.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kulisema neno hili kwa uchungu. Mkonge uliletwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893. Kwa miaka mingi tulikata, tukachambua singa, tukapakia melini. Kamba zikasokotwa ng'ambo na faida ikabaki huko. Mto Pangani nao umetoa umeme tangu miaka ya 1930. Kituo cha Hale cha megawati 21 kilianza mwaka 1964, na kituo kipya cha Pangani cha megawati 68 kikafuata miaka ya 1990. Maji ni yetu, maporomoko ni yetu. Mitambo yatoka kwa wengine. Je, tutaendelea hivi mpaka lini?

Wako watakaosema kiwanda si shule, na wanafunzi huchelewesha kazi. Ni kweli, huchelewesha. Lakini mafundi wa leo watakapozeeka, nani atazishika mashine zile? Mwaka 2017 Serikali iliagiza transfoma za miradi ya umeme zinunuliwe humu nchini. Agizo lile lilikuwa jema, ila agizo peke yake halizai fundi. Na Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, halitamfaa mwanakijiji wa Mkinga pasipo transfoma karibu na nyumba yake.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, kijana wa ufundi wa Tanga aanzie Hale, aone umeme unakozaliwa, ndipo apande Arusha. Pili, akae huko majuma kadhaa, avae ovaroli, na azungushe waya mwenyewe chini ya jicho la fundi. Tatu, binti zetu wasiachwe nyumbani. Nne, akirudi aulizwe na mwalimu wake: ni kitu gani pale kinachotoka nje, na kwa nini hatukifanyi wenyewe? Chuma cha kile kiini hatukitengenezi hapa nchini. Swali hilo ni deni la kizazi chake.

Siku transfoma ya mtaa wetu itakapoungua, twataka aje kijana wa Tanga asiyejua kuibadilisha tu, bali ajuaye kuifungua na kuisuka upya. Wazee wetu walisema Uhuru na Kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii.