Damu Yetu Walichukua, Majibu Je?



Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani, Nyamira, nikimsaidia nyanya kuchuma majani chai. Wakaja vijana wawili, kalamu mkononi. Walimwamkia nyanya kwa heshima, wakauliza tunalala wangapi, maji tunateka wapi, na kama tuna chandarua. Kisha wakamdunga kidole, tone la damu wakalidondosha kwenye kijikaratasi, wakasema linakwenda maabara. Nyanya akatia kidole gumba kwenye fomu iliyoandikwa Kiingereza kitupu. Wakaaga. Hadi leo, kimya kama maji mtungini.

Kila nikifunga shule nyanya huniuliza, "Mjukuu wangu, damu yangu ilisemaje?" Nami, eti msomi wa ukoo, natazama chini.

Sisemi utafiti ni mbaya, la hasha! Wazee wetu wanakumbuka jinsi malaria ilivyovamia nyanda hizi za juu mwaka 1999 na tena 2002, ikafyeka watu Kisii na Gucha. Watafiti ndio waliotueleza kwa nini. Huku kwetu kuna baridi, malaria haikai mwaka mzima kama kule kandokando ya Ziwa Victoria, kwa hivyo miili yetu haina kinga. Mvua na joto vikizidi, mbu huzaana, na hapo hata mtu mzima mwenye nguvu zake hulazwa. Ni hapa hapa kwetu pia walikolinganisha kupuliza dawa ukutani na kulala ndani ya chandarua chenye dawa, wakaona njia zote mbili zinasaidia. Hayo ni manufaa makubwa.

Lakini je, ni nani aliyemwambia nyanya?

Tena mchezo huu haukuanza jana. Mwamerika Robert LeVine alikaa Gusii tangu 1955 hadi 1957, akarudi na wenzake miaka ya 1970 kuchunguza akina mama wanavyolea watoto wachanga. Mwaka 1994 wakatoa kitabu. Waliona kwamba mama Mgusii humbeba mtoto na kumtuliza upesi anapolia, ila haongei naye sana kama mama wa Boston, kwa sababu jambo la kwanza moyoni mwake ni mtoto aishi. Mimi niliposimuliwa hayo na mwalimu wangu nilicheka, maana ni nyanya mtupu! Kumbe tumeandikwa, na tumesomwa ng'ambo, ilhali waliobebwa mgongoni siku zile ni wazee sasa na wengi wao hawajui kama kitabu hicho kipo.

Katika mjadala wa chama chetu, rafiki yangu mmoja alinipinga vikali. Alisema matokeo huchukua miaka, na kwamba mambo ya maabara mwanakijiji hawezi kuyaelewa. La kwanza nakubali. La pili nalikataa katakata. Mtu aliyeelewa swali anashindwaje kuelewa jibu? Na Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilitoa 1964 na kulirekebisha 2013, linataka kila aliyeshiriki apewe nafasi ya kujulishwa matokeo. Kwa hivyo nyanya haombi msaada, anadai haki yake.

Wala si kazi ngumu. Baraza la chifu lipo. Wahamasishaji wa afya wa jamii, waliopewa mikoba yao 2023, wanapita nyumba kwa nyumba na wanazungumza Ekegusii. Ukurasa mmoja tu ungetosha.

Nakala ya fomu ya nyanya ninayo. Chini yake pana nambari ya simu. Nimeipiga mara mbili, haipatikani. Alhamisi nitakuja nayo kwenye mkutano wa chama tuitafsiri, kwanza kwa Kiswahili, halafu sisi wa Kisii na Nyamira tuitie katika Ekegusii, nyanya ajue angalau alikubali nini siku ile. Kisha tuandike barua ya kuuliza majibu. Mwenye hati nzuri asikose.